Upande wa Nje wa Kamba

Kila mwaka theluji inapoanza kuchafuka kando ya barabara, Ottilia Inauen hubandika tangazo kwenye mlango wa duka la mikate, kuwaalika vijana waje shuleni Jumatano jioni wafundishwe kupiga kura. Na kila mwaka tangazo hilo hufunikwa na jingine: ng'ombe anauzwa, bendi ya kijiji inatafuta mpiga tarumbeta, paka amepotea. Mwaka ninaousimulia hapa lilifunikwa na paka. Paka mwenyewe alirudi kwao baada ya siku mbili akiwa ameshiba, lakini hakuna aliyejisumbua kumbandua mlangoni.

Ottilia hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno, mjane wa Alfons aliyekuwa tarishi. Kwa miaka mingi aliwafundisha wasichana wa bonde zima kufuma soksi na kutia viraka, na tangu astaafu alikuwa akiwafundisha wavulana na wasichana jambo aliloliona gumu kuliko soksi, yaani kuwa raia. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Baraza la kijiji lilimpa chumba chenye joto, likaona limemaliza. Waliomheshimu walimwita Mwalimu. Wasiomheshimu walimwita Bibi Mkono, na ukitaka kujua upande upi ulikuwa na watu wengi, ungesimama tu dukani ukasikiliza.

Jina hilo lilikuwa na asili yake. Bondeni kwetu, huku milimani Uswisi, mambo makubwa hayaamuliwi kwa karatasi. Jumapili ya mwisho ya Aprili watu husimama uwanjani mbele ya kanisa, wanaume na panga za baba zao kiunoni kuonyesha kwamba ni wapiga kura, wanawake na kadi zao za kura mkononi, na uwanja wote huzungushiwa kamba. Aliye ndani ya kamba anaamua. Aliye nje anatazama. Mwenyekiti husoma hoja, watu huinua mikono, na hakuna anayeihesabu. Mwenyekiti huiangalia kutoka jukwaani, akaona upande upi umezidi, akatangaza. Kwa hiyo mkono ulioinuliwa nusu, au ulioshuka kabla macho ya mwenyekiti hayajaufikia, ni sawa na mkono wa mtu aliyebaki nyumbani amelala.

"Usiuinue kama unamwita mhudumu wa hoteli," Ottilia alikuwa akiwaambia vijana. "Nyoosha kiwiko. Tazama mbele. Usigeuke kuona nani yuko nawe na nani hayuko, hayo hayakuhusu. Na usishushe mpaka uambiwe. Bega likiuma, ndio uraia wenyewe huo."

Vijana walicheka, wakaenda kuhadithia. Ndipo akawa Bibi Mkono.

Jumatano ya kwanza ya mwaka ule alipanga viti nusu duara, akaweka juu ya kila kiti kijitabu ambacho serikali hututumia nyumbani kabla ya kura. Kisha akakaa, akasikiliza mabomba ya joto yakinguruma ukutani. Aliyeingia alikuwa mmoja tu: Svenja, binti wa Remigius Dörig seremala, msichana wa miaka kumi na sita, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Karibu. Kaa popote, kama unavyoona hatugombanii nafasi."

"Asante, Bibi. Ila nikwambie ukweli tu, mimi nasubiri basi. Nje baridi inauma."

"Basi linakuja saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Basi unao muda wa kutosha kuwa raia."

Svenja alikaa karibu na bomba la joto, koti halikuvuliwa, akatoa mkate wa jibini mfukoni akaanza kula. Akakipindua kijitabu huku na huku kwa kidole kimoja.

"Hiki chote? Nani anasoma?"

"Anzia nyuma," alisema Ottilia. "Huko ndiko wanakojieleza wanaopinga. Msome kwanza yule usiyekubaliana naye, kabla hujachoka."

"Na akiniudhi?"

"Msikilize mpaka amalize. Halafu ndipo uudhike."

Svenja alicheka mkate ukiwa mdomoni. Basi lilipopiga honi alikurupuka akatoka mbio, kijitabu akakiacha juu ya kiti.

Jumatano ya pili palikuwa na jua zuri na hapakuwa na sababu ya mtu kukimbilia ndani. Hata hivyo Svenja alikuja. Ottilia alijifanya anatafuta chaki ili mtoto asiuone uso wake, kwa sababu alifurahi, na furaha yenyewe ilimtia aibu. Mtu mzima kupigwa na furaha hivyo kwa sababu kiti kimoja kimekaliwa! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu Alfons afe, nyumba yake ilikuwa na sauti mbili, ya birika na ya redio, na redio yenyewe ilikuwa haiulizi mtu kitu.

Wakaendelea hivyo Machi nzima. Walibishana kuhusu barabara mpya, kuhusu maji ya mlimani, kuhusu kama mbunge anapaswa kufanya anachotaka yeye au wanachotaka waliomchagua. Svenja alikuwa mbishi, na Ottilia alimpenda kwa hilo. Koti tu ndilo hakulivua hata siku moja. Alikaa kama abiria.

Jumatano moja alimwuliza, "Sasa Bibi, yote haya unanifundisha, mkono wenyewe nitauinua lini?"

"Ukitimiza kumi na nane."

"Nikitimiza kumi na nane sitakuwepo hapa. Nitakuwa mjini, nasoma. Wenzangu wote hivyo hivyo. Tukirudi, tunarudi Krismasi kula, basi. Yaani mnatufundisha mtu akishafunga mizigo."

Ottilia alianza kukusanya vijitabu. Swali hilo alirudi nalo nyumbani likimwuma. Kweli, ni kumpa mtu kijiko supu ikishapoa, halafu unamlaumu kwamba hana hamu ya kula.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini sheria ya bondeni kwetu haiijui methali hiyo. Kwetu raia mmoja, peke yake, anaweza kupeleka hoja yake kwenye mkutano wa Aprili, na lazima isomwe na kupigiwa kura. Ni haki tunayoisifu sana kwenye hotuba, na anayeitumia tunamwona ana kichaa. Ottilia aliandika sentensi mbili: kuanzia mwaka ujao, mwenye miaka kumi na sita aruhusiwe kuingia ndani ya kamba. Akazipeleka ofisini mwenyewe.

Karani alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Uko peke yako, Mama Inauen?"

"Sheria inasema mmoja anatosha."

"Sheria, ndiyo," alisema karani, akagonga muhuri kwa huruma.

Habari ilifika dukani kabla yake. Remigius Dörig alikuwa pale, mkate kwapani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ndiye aliyelitengeneza jeneza la Alfons, akalipiga randa mpaka likateleza kama hariri.

"Bibi Mkono! Mwaka huu watoto wa miaka kumi na sita, mwakani si utatuletea na wa chekechea?"

"Wa chekechea angalau wanasubiri zamu yao ya kusema, Remigius."

Duka zima likacheka, na Remigius akacheka kuliko wote. Lakini Ottilia alipotoka, hakuna aliyetoka naye. Alingoja kidogo mlangoni, mbele ya yule paka wa karatasi, akijifanya anavaa glovu. Walburga, waliyeimba naye kwaya tangu ujana, alipita akasimama kwa sababu hakuweza kutosimama.

"Utanisaidia kusema na wanawake?" Ottilia alimwuliza.

"Ottilia, mimi miguu yangu siku hizi..." Walburga aliitazama hiyo miguu. "Halafu sisi letu si tulishapata? Waache watoto wangoje. Sisi tulingoja."

"Ndio maana nakuuliza wewe."

"Haya, tutaona," alisema Walburga, akaondoka kwa miguu ile ile mibovu, upesi sana.

Siku ya Jumamosi, kesho yake ukiwa mkutano, Svenja alikuja hadi nyumbani kwa Ottilia akihema, akabaki amesimama mlangoni.

"Bibi! Nimemwambia baba. Nimemwambia kila kitu, kama ulivyonifundisha, nikamsikiliza na yeye mpaka mwisho. Unajua kasema nini?"

"Kasema nini?"

"Kasema tutaona! Baba yangu! Yeye akisema hapana huwa anasema hapana. Kwa hiyo atainua. Kesho nitakuja kusimama pale kwenye bomba la maji la uwanjani nimwone."

Ottilia alimtazama uso ule uliowaka, akakosa moyo wa kuuzima. Bondeni kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa koti la Jumapili. Yeye alikuwa akilijua neno hilo vizuri sana. Alishawahi kuambiwa mwaka wa tisini.

Mwaka huo wanawake wetu walikuwa bado hawana mkono, yaani haki ya kupiga kura. Uswisi nzima walishapata. Sisi tu tulikuwa tumebaki, na wanaume wetu walijivunia kuchelewa huko kana kwamba ni jibini linalonoga kwa kukaa. Hoja ya kuwaingiza wanawake ndani ya kamba ilikuwa isomwe Jumapili. Jumamosi jioni Ottilia alimwuliza mumewe, "Alfons, utauinua?" Alfons alikuwa mtu mpole, hakuna mbwa aliyewahi kumbwekea akipeleka barua. "Tutaona," alisema, akampa koti lake amshonee kifungo cha mkononi kilichokuwa kinalegea. Ottilia alikishona kwa uzi mweupe, maana mweusi ulikuwa umemwishia.

Kesho yake alisimama nje ya kamba, kwenye bomba la uwanjani, pamoja na wake za watu. Mwenyekiti aliuliza nani anakubali. Mikono iliinuka, na Ottilia aliutafuta ule wenye uzi mweupe, akautafuta tena, hakuuona. Mwenyekiti aliuliza nani anakataa, na pale pale akauona. Kiwiko kilikuwa kimenyooka vizuri. Mpaka leo hajapata kuona mkono ulionyooka kama ule.

Wakaenda nyumbani kula. Walilozungumza mezani siku hiyo Ottilia hakumwambia mtu. Miezi michache baadaye mahakama kuu ya nchi iliwaamuru wanaume wetu wasogee, wanawake wakaingia, na Alfons akamshika kiwiko mkewe akampitisha kwenye umati kwa adabu zote, kana kwamba yeye ndiye aliyemwalika. Walisimama pamoja kila Aprili hadi alipokufa. Ndoa yao haikuwa mbaya, na asije mtu akasema ilikuwa mbaya. Ila palikuwa na kitu kati yao pale mezani, na kila siku walikizunguka, wakapitishiana mkate.

Basi Jumapili ilifika, na jua lake, na kengele zake. Ottilia alivaa koti la kijivu, akatia soseji mbili kwenye sufuria ya maji ya moto na kuifunika ili ziwe tayari atakaporudi. Mchinjaji wetu huziuza zikiwa zimefungwa pamoja mbili mbili, na tangu awe mjane hakuwahi kumwambia azitenganishe. Akaenda uwanjani akitembea katikati ya familia za watu.

Hoja yake ilikuwa ya mwisho. Watu walikuwa wameshachoka, wanasikia njaa. Alipanda jukwaani, akaona nyuso nyingi, na ng'ambo ya kamba, kwenye bomba la uwanjani, akaliona koti la Svenja. Wenzake wengine walikuwepo pia, wanakula vikeki vya lozi, mmoja ameupa mkutano kisogo.

"Raia wenzangu," alisema. "Mwaka wa tisini mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye bomba. Wengi wenu mlikuwa hapa ndani. Sikuja kumsuta mtu. Nimekuja kuwaonyesha tu kwamba pale pale leo wamesimama watoto wenu. Wanajifunza kazi kwenye karakana zenu, wanaburuta mipira ya maji na kikosi chetu cha zimamoto. Mnasema hawajali. Mimi nimewafundisha, na kweli wengi hawajali. Lakini mtu anajali vipi jambo ambalo haulizwi? Tunangoja mpaka wafikishe kumi na nane, na wakishafikisha wameshaondoka. Asiyekuwepo na lake halipo. Tuwape wakiwa bado wapo. Ni hilo tu."

Makofi yalikuwa ya heshima, yale anayopigiwa mtoto aliyekariri shairi bila kukosea. Mkulima mmoja alipanda kumjibu. Alisema ana mtoto wa miaka kumi na sita nyumbani ambaye hawezi kuamua avae soksi zipi, na kama soksi zenyewe zilifumwa kwa mafunzo ya Mama Inauen, basi mama huyo angebaki huko huko kwenye soksi. Uwanja ulicheka sana. Ottilia alimsikiliza mpaka akamaliza, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundisha, ingawa masikio yalikuwa yakimwaka.

Alishuka, akasimama mahali pake mbele. Jambo moja tu ndilo lililomhangaisha. Kushinda hakukutarajia, hakuwa mjinga. Alitaka asiwe peke yake. Alitaka msichana yule pale nje asione kile alichokiona yeye.

"Wanaokubali," alisema mwenyekiti, "wainue mikono."

Aliinua. Kiwiko kikanyooka, macho akayaweka kwenye tai ya mwenyekiti. Hakugeuka. Alitega masikio nyuma, asikie makoti yakisogea, mikono ya nguo ikipanda. Alisikia njiwa kwenye mnara wa kanisa. Alijiambia kwamba mkono mmoja mmoja haupigi kelele, huenda wamo ishirini, huenda hamsini, mtu hawezi kujua.

"Wanaokataa."

Hapo alisikia. Ilikuwa kama mtu amekung'uta shuka kubwa.

"Hoja imeanguka," alisema mwenyekiti, na bendi ikaanza kupiga. Wengi wape, usipowapa watachukua. Watu walitawanyika kwenda kula. Wawili watatu walimgusa bega wakisema alisema vizuri, na kila aliyemgusa alikuwa ameshageuka kuondoka. Kwenye bomba la uwanjani hapakuwa na mtu tena.

Nyumbani alivua koti, akalitundika, akaandaa sahani moja. Soseji zilikuwa zimeiva. Mlango ukagongwa.

Svenja aliingia bila kungoja kuambiwa. Macho yalikuwa mekundu na pua pia. Alilivua koti lake, kwa mara ya kwanza tangu Ottilia amjue, akalirusha juu ya kiti, na chini yake kumbe alikuwa amevaa gauni zuri la sherehe, lile linaloshonwa kwetu kwa ajili ya wasichana wanaokaribishwa katika utu uzima.

"Umepika, Bibi? Mimi nitakula hapa."

"Kaa," alisema Ottilia. "Ulikuwa unaona vizuri kutoka pale?"

"Niliwaona wote. Wewe hukugeuka?"

"Mimi huwa sigeuki." Kisha akauliza, jambo ambalo hakuwahi kuuliza maisha yake yote, "Mikono ilikuwa mingapi?"

"Unataka nikwambie ukweli?"

"Aliye nje ya kamba kazi yake ndiyo hiyo."

"Wewe," alisema Svenja. "Na mzee Koller. Lakini yule nafikiri alikuwa anajikinga jua."

Ottilia alicheka. Alimwona akilini mzee Koller na kiganja chake juu ya nyusi, akacheka kweli kweli, na cheko likamkatikia katikati. Iliuma, tena iliuma pale alipodhani pamekufa ganzi. Ndani ya kamba walikuwemo wanawake ambao aliwashika vidole mmoja mmoja wakijifunza kutunga uzi kwenye sindano. Walikuwemo vijana waliowahi kukaa kwenye viti vyake vya nusu duara. Alikuwa amesimama mbele yao wote, mkono juu, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Baba aliinua walipoitwa wanaokataa," alisema Svenja. "Mpaka juu kabisa, na upanga wa babu kiunoni. Aliniahidi, Bibi!"

"Alisema tutaona."

"Ndiyo!"

"Mwanangu, hiyo haikuwa ahadi."

"Basi siongei naye tena. Wanakula na shangazi na wajomba, wananisubiri. Wanisubiri tu. Nitakuwa nakuja kwako. Mimi na wewe tunaelewana."

Ottilia alikuwa ameshashika sahani ya pili. Alikuwa ameshaifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Soseji zilikuwa mbili. Kiti cha Alfons kilikuwa kimekaliwa na mtu mwenye joto, mwenye pua inayochuruzika, aliyesema mimi na wewe. Hakuhitaji kufanya lolote, aiweke tu ile sahani mezani. Msichana angekula leo, na Jumapili ijayo, na wangekaa wawili na kinyongo chao kimoja kikiwapasha joto kama jiko. Aliitamani hali hiyo mno.

"Mama anasema hata mume wako aliinua wa kukataa," alisema Svenja. "Mwaka ule. Ni kweli?"

"Kweli."

"Ulimwambia nini alipokuja kula?"

"Nilimwuliza kama supu imekolea chumvi."

"Halafu?"

"Akasema imekolea."

"Halafu?"

"Halafu akafa," alisema Ottilia. "Hapo katikati ilipita miaka karibu thelathini, lakini kwa habari hiyo ndiyo yote."

Svenja aliacha kufuta pua.

"Hukumwuliza kwa nini? Kweli?"

"Niliogopa. Nilisema pengine ana sababu ya kipumbavu, nami nitashindwa kumheshimu. Au pengine ana sababu nzuri, na hilo ndilo nililiogopa zaidi. Nikaona afadhali ninyamaze, nikadhani huko ndiko kuvumilia. Watoto wa watu nawafundisha wamsikilize mpinzani mpaka mwisho, na wangu alikuwa akikaa hapo hapo ulipokaa, siku zote tatu za mlo, sikumpa hata nafasi ya kuanza."

Alisikia alichokisema. "Siku zote tatu za mlo" si maneno, alitaka kusema milo mitatu ya kila siku, lakini hakujisahihisha. Alilichukua lile koti juu ya kiti akalishika wazi, kama wanavyowashikia watoto wadogo.

"Vaa."

"Bibi! Unanifukuza?"

"Vaa, nenda nyumbani. Usimtukane baba yako, usipige mlango. Kaa mbele yake, mwulize kwa nini, kisha nyamaza mpaka amalize. Mbele ya hao shangazi na wajomba, kama lazima."

"Na akiniudhi?"

"Halafu ndipo uudhike."

Svenja akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo hadi kidevuni.

"Na wewe utakula na nani?"

"Nina soseji mbili," alisema Ottilia. "Nenda, chakula chao kitapoa."

Alimsindikiza kwa macho dirishani. Msichana alishuka njia akitembea taratibu, kisha haraka, kisha akapotea nyuma ya ghala la Koller. Kutoka nyumba za chini zilisikika sauti za watu wakila, vijiko na vicheko, maana Jumapili ile kila mtu hufungua madirisha.

Ottilia alirudi mezani. Ile sahani ya pili ilikuwa bado mkononi mwake, akaiweka mbele ya kiti cha Alfons, akaweka na soseji moja. Akakaa.

"Alfons," alisema, "kwa nini uliuinua?"

Kisha akanyamaza, kiwiko kimetulia juu ya meza, macho mbele, akampa nafasi. Alingoja muda mrefu, kwa adabu, kama anavyongojwa mtu ambaye zamu yake ya kusema imefika. Halafu akachukua kisu na uma, akala peke yake.